Kutyuni Subaru kwa fundi wa mbali: mimi Arusha, yeye Uingereza. Nimwamini?

Chuga_Boksa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, ya soko la Japani, manyuo, injini EJ20 ya turbo, farasi 250 kwa karatasi za kiwandani. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Njiro aliyekuwa anaendea nayo kanisani Jumapili na kuipaki wiki nzima. Nilichobadilisha si kingi: chujio la hewa (boksi ni lile lile la kiwandani), plagi, daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo) ya inchi 3 na ekzosi mpaka nyuma. Basi. Sishindani na mtu, nataka tu kuipita fuso ya viazi bila kusali.

Tatizo lilianza na daunpaipu. Nikikanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, mshale wa boost (shinikizo la hewa ya turbo) unapita bar 1.2, halafu gari linakata ghafla kama mtu kazima swichi. Kichwa kinaenda mbele, mdogo wangu juzi kamwaga soda yote kwenye siti. Sekunde moja baadaye linaendelea kama halijafanya kitu. Fundi wangu wa hapa, ambaye kwa klachi na gasketi simbadilishi na mtu, jibu lake ni moja: "Rudisha bomba la zamani." Sitaki kurudisha bomba la zamani.

Nimepata fundi Uingereza anayetyuni Subaru kwa mbali, yaani anapanga upya kompyuta ya injini. Bei pauni 250, anarekebisha mpaka faili litulie. Nanunua waya, nasoma faili lililomo kwenye kontrol boksi (ndiyo hiyo kompyuta), namtumia. Ananirudishia jingine, naliingiza, naendesha huku laptopu inarekodi, namtumia rekodi. Tunazunguka hivyo hivyo.

Sasa mtu asiyelisikia gari likinguruma wala kunusa moshi wake, anajuaje kuwa haniulii injini? Halafu Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila mwezi nashuka Dar kumwona mama. Faili moja litafaa huku na kule?

Mzee_wa_Tochi

Pauni 250 kwa mtu ambaye hujawahi hata kumpa mkono! Kijana, hiyo ni bima nzuri tu ya gari lako na chenji inabaki.

BintiTurbo

Kaka, mimi nilifanyiwa Forester yangu ya turbo kwa njia hiyo, mwaka wa tatu huu inatembea. Ngoja nikujibu kwa kirefu, chai ninayo.

Kwanza hiyo kukata ni kinga. Daunpaipu pana inatoa moshi upesi, turbo inazunguka kuliko kompyuta ilivyopangiwa, boost inavuka mpaka, na kompyuta inafunga mafuta ili pistoni zipone. Fundi mzuri atashusha boost na kupanga upya mafuta na muda wa cheche. Akikwambia atakuondolea hiyo kinga ili "isikate", mkimbie.

Pili, kusikia. Sensa ya noki iko juu ya bloku la injini na inasikia kuliko sikio la fundi yeyote. Tuelewane hapa, maana kwetu fundi akisema "injini imenoki" ina maana umeanza kutafuta injini nyingine. Noki ninayosema ni ile milio midogo ya mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ikiisikia inarudisha cheche nyuma digrii kadhaa, na hizo digrii zinaonekana kwenye rekodi. Ila sensa nayo hudanganyika: kava la bati la ekzosi likilegea na kutetemeka, inadhani ni noki. Kaza kila bati kabla hujaanza.

Tatu, bila sensa ya wideband kwenye ekzosi (inapima hewa na mafuta hata gari likikanyagwa) usianze kabisa. Sensa ya kiwandani haisomi vizuri gari likiwa limekanyagwa, kwa hiyo fundi wako atakuwa anakisia hewa na mafuta. Mafuta ndiyo kitu chenyewe hasa. Gari lako Japani lilikuwa linakunywa haioku, petroli yao ya daraja la juu, oktani (uwezo wa kuhimili noki) karibu 100. Mimi sijawahi kukuta pampu ya 100 kati ya Arusha na Dar, na kama wewe umeikuta nitumie pini. Kwa hiyo hata faili la kiwandani lilikuwa kali mno kwa mafuta yetu.

Nne, na hapa usikosee. Arusha hewa ni nyepesi, turbo inajituma zaidi kufikia shinikizo lile lile. Ukishuka Dar hewa ni nzito, joto na unyevu juu. Kompyuta ina majedwali ya kufidia, lakini yalipangwa kwa gari ambalo halijaguswa. Mwambie fundi mapema kuwa utamtumia rekodi za sehemu zote mbili. Mimi sikumwambia wa kwangu. Faili lilikuwa tamu Moshi, nikafika Chalinze saa nane mchana, mshale wa noki ukaanza kucheza. Kutoka hapo mpaka nyumbani niliendesha kama nimebeba mayai.

Namanga_Express

Mkuu, rekodi za gia ya tatu mpaka mwisho wa mshale ni spidi ya kutafutiana kifo au tochi ya trafiki. Usifanyie barabarani. Nairobi kuna gereji zenye dyno, gari linafungwa kwa mikanda na matairi yanazunguka palepale. Ni kilomita 270 hivi toka Arusha. Beba kadi ya njano ya COMESA na karatasi za gari za mpakani. Fundi wako wa Uingereza anaingia kwenye laptopu yako kwa intaneti, mnamaliza kwa siku moja. Nairobi nako ni juu, kama mita 1,700, kwa hiyo alichosema dada kuhusu Dar kiko palepale.

Chuga_Boksa

Dada BintiTurbo, Mungu akubariki. Wideband nimeagiza. Nitarudi na majibu.

Chuga_Boksa (wiki tano baadaye)

Nimerudi, na nina visa.

Usiku wa kusoma faili nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Mle kuna plagi mbili za kijani ambazo lazima uziunganishe kabla ya kugusa kontrol boksi, pamoja na kiplagi kingine kidogo kwa modeli hizi za zamani. Nikaunganisha, nikafungua swichi. Taa ya injini ikaanza kupepesa, feni za rejeta zikawa zinawaka na kuzima zenyewe, pampu ya mafuta nyuma inasema tik, tik, tik. Nikajua nimeua gari. Kumbe ndivyo linavyotakiwa kufanya. Mdogo wangu alicheka mpaka jirani akatoka nje.

Kabla ya kuingiza faili nilifunga betri ya pili kwa waya za kubusti, maana umeme wa betri ukishuka katikati kontrol boksi inaweza kufa. Laptopu nayo niliijaza chaji kabisa, umeme wa ukuta siuamini. Faili la zamani nimelihifadhi sehemu tatu, moja kwenye simu ya mama.

Faili la kwanza lilikuwa la upole, boost chini ya bar 0.9. Nikaenda Nairobi kama alivyosema Namanga_Express. Tukapiga mara mbili tu, Mwingereza akaandika: simamisha. Mchanganyiko wa hewa kwa mafuta ulikuwa 10.1, yaani mafuta mengi mno, wakati yeye alipanga 11.2, na hewa iliyopimwa mlangoni haikulingana na boost iliyofika kwenye injini. Akasema kati ya turbo na injini kuna hewa inatoroka. Sensa imeshaihesabu, kompyuta imeshamwaga mafuta yake, na hewa yenyewe haifiki.

Nikarudi Arusha nimenuna, hela ya dyno imeenda. Fundi wangu wa hapa akachukua kifuniko cha bomba la maji, akakitoboa na kukitia valvu ya tairi, akakibana kwenye mdomo wa turbo na kuunga kompresa. Akampa kijana wake chupa ya maji ya sabuni. Dakika haikwisha, chini ya intakula, kwenye raba inayotoka kwenye turbo, povu likaanza kuvimba kama la ugali. Ufa wa urefu wa kucha, umejificha chini ya klipu. Huwezi kuuona hata ukiingiza kichwa. Ila kuna mtu aliuona akiwa Uingereza kwa kusoma namba, na mwingine akaupata kwa sabuni ya kufulia.

Raba mpya, nikarudi tena Nairobi. Mchanganyiko 11.2, noki sifuri, boost imekaa bar 1.0 haipandi wala haikati. Kilichonifurahisha si nguvu ya juu, ni gia ya tatu kwenye mshale wa mizunguko 3,000. Zamani ilikuwa inafikiria kwanza.

Mzee_wa_Tochi

Kwa hiyo fundi wako wa "rudisha bomba" ndiye kaokoa jahazi.

Chuga_Boksa

Nusu yake, mzee wangu. Nimemwambia hivyo, sasa anadai na yeye pauni.

BintiTurbo

Na Dar?

Chuga_Boksa

Nimefika jana, dada. Rekodi nimechukua leo asubuhi huku Kibaha, gia ya nne, mlima mdogo, bila fujo. Kwenye 3,400 kompyuta imerudisha digrii 1.4, mara mbili mfululizo. Nimetuma. Amejibu nisikanyage mpaka faili la tano lije, kwa hiyo niko kwa mama nakula samaki, gari liko chini ya mwembe.