"Accrue" na "accumulate": zote ni kulimbikiza?

Kalamu:
Wakuu, naomba msaada. Natafsiri mkataba wa mkopo na sentensi moja imenikwamisha tangu jana: "interest shall accrue daily". Niliandika "riba italimbikizwa kila siku". Mhariri akairudisha na swali moja tu: "Inalimbikizwa na nani?" Nimelitafakari, nikaona ana haki. Kitenzi changu kinamtaka mtu wa kulimbikiza, na humo ndani hayupo. Sasa "accrue" ina tofauti gani na "accumulate"? Mkopaji ataweka sahihi chini ya maneno yangu. Sitaki alielewe vibaya deni lake.

Mhasibu:
Ndugu Kalamu, angalia asili zake. "Accumulate" imezaliwa na neno la Kilatini "cumulus", yaani rundo. Ndilo jina la yale mawingu ya mafungumafungu. "Accrue" inatokana na "crescere", kukua, ikapitia Kifaransa cha kale. Moja inarundika, nyingine inakua.

Chukua mkopo wa 365,000 kwa riba ya 10% kwa mwaka. Kila siku riba ni 100. Siku ya 12 imefika 1,200, na hakuna aliyekuja kuiongeza. Ni siku zimepita. Likizo ya mfanyakazi nayo ni hivyohivyo: kadiri anavyotumikia, stahili yake inakua.

Ila hapa uwe mwangalifu sana. "Accrue" peke yake haisemi kwamba ile 1,200 imeingia kwenye mkopo ili nayo izae riba. Riba juu ya riba ni jambo jingine, lazima mkataba ulitaje. "Italimbikizwa" inaweza kumfanya mtu adhani limeshatajwa.

Kisima:
Mimi naomba tusiitupe "limbika". Anayelimbika maji kisimani hachoti. Anasubiri kando mpaka yajikusanye. Hiyo ndiyo "accrue" yenyewe, na tunayo siku zote! Tulipoongeza "-iza" ndipo akaingia mtu na mikono yake. Na "kujilimbikizia mali" kunanuka uroho kabisa, kwa hiyo huko ni "accumulate".

Sheria:
Nyongeza fupi. Ukikutana na "the cause of action accrued", usiweke kukua wala kulimbika. Hapo maana yake ni kwamba haki ya kufungua kesi imezaliwa, na kwa kawaida muda wa ukomo, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kufungua kesi, unaanza kuhesabiwa tangu siku hiyo.

Kalamu:
Ahsanteni sana, mmeniokoa. Nimeandika: "Riba itakua siku hadi siku juu ya kiasi cha mkopo ambacho hakijalipwa." Ndugu Kisima, "limbika" nimeipenda mno, lakini nahofia wasomaji wengi wa leo wataisoma kama "limbikiza". Halafu nimerudi kutafuta riba juu ya riba: ipo, kifungu cha mbele kidogo, inaingizwa kwenye mkopo kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimekipita haraka kwa kudhani kinarudia yaleyale. Nakitafsiri upya sasa hivi.