Naomba ushauri: uthibitisho wa msaada tunaoutuma Goma

Ndugu wanachama, salaam. Sisi ni watu tisa tunaoishi Nairobi, wengi wetu wenye asili ya Kivu, mashariki mwa Kongo, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma huko mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa, tumekuwa tukichanga fedha za unga, maharage na sabuni kwa familia zilizohifadhiwa na mama mmoja uani kwake. Fedha tunamtumia kwa simu, naye huandika katika daftari la shule kila jina na vibaba alivyompimia. Sasa baadhi ya wachangaji wanadai picha za wapokeaji, jambo nisilolipenda, kwani picha ikisambaa yaweza kumponza mtu. Tuwaridhisheje bila kuwaanika wenzetu? Na hilo daftari lenye majina yote, je, ni salama kukaa nyumbani kwake?