Kishikio cha biti za bisibisi: ni kipi kinachodumu mfukoni hapa Mombasa?

Fundi wa Tudor
Assalaam aleikum, wenzangu. Kazi yangu ni kutengeneza feni na cherehani majumbani, na kutwa nzima huwa na kishikio cha biti (zile ncha za bisibisi za kubadilisha) mfukoni, kile kifupi chenye tundu la pembe sita la milimita 6.35. Nilicho nacho ni cha alumini na kwa nje bado ni kizima, lakini sumaku iliyo chini ya tundu imebambuka ganda lake, na biti ya nyota huchomoka kila ninapoielekeza chini. Je, huu ni ubovu wa kifaa hiki pekee, au vyote huishia hivi?

Mkaazi wa Likoni
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Vyenye sumaku vingi huishia hivyo, na huku pwani huishia mapema. Sumaku hizo ndogo huwa ni za neodimiamu, ambayo imechanganywa na chuma kingi, na kinga yake ni ganda jembamba, aghalabu la nikeli; ganda hilo likishapasuka kwa kugongwa na biti, jasho na hewa ya chumvi hupenya na kuila sumaku kwa ndani. Mulika tundu kwa tochi: ukiona unga wa kahawia au wa kijivu, haina maisha marefu. Kwa mfukoni ninapendelea kishikio kinachoibana biti kwa ringi ya waya wa springi. Kuichomoa biti kwa vidole vyenye jasho ni kazi kidogo, lakini haianguki.

Seremala Kisauni
Ninakubaliana kuhusu ringi, ila tusilisahau tundu lenyewe, kwa maana ndilo linalobeba nguvu yote ya mkono. Alumini ni laini kuliko biti, kwa hiyo tundu lililochongwa moja kwa moja ndani yake hulika pembe, na likishalika halina dawa. Kabla ya kulipa, ingiza biti mpya uizungushe kwa vidole. Ikicheza, kiache hapo hapo dukani. Tafuta chenye tundu la chuma, na ukumbuke kwamba chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huumia, na dalili yake ni unga mweupe kwenye kiungo. Kwa kuwa wewe ni fundi wa cherehani, mafuta unayo: tone moja kwenye kitambaa, ukifute kila jioni ndani na nje.

Fundi wa Tudor
Ahsanteni sana. Shaka yangu ni feni za dari: bila sumaku, skrubu itakaaje kwenye ncha nikiwa juu ya ngazi?

Mkaazi wa Likoni
Weka sumaku nyumbani, uisugulie biti kuelekea upande mmoja kabla ya kutoka. Itashika skrubu ndogo za chuma bila shida, na nguvu hiyo ya sumaku ikipungua unaisugua tena.