Elektrodi ipi kwa ECL: kaboni-kioo, dhahabu au za kuchapishwa? Niko Mwanza

Mwana_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza elektrodi za kazi ya ECL, ile ya kemikali kutoa mwanga ikisukumwa na umeme. Mfuko unaruhusu aina moja: kaboni-kioo, dhahabu, au zile za kuchapishwa unazotumia na kutupa. Platinamu niliiona, bei ikanifanya nifunge ukurasa. Kazi yenyewe ni kupima maji ya ziwa. Msimamizi anataka karatasi ya oda Ijumaa. Nichukue ipi?

Fundi Saketi
Unaulizia kiatu bila kutaja namba ya mguu. Unapima nini kwenye hayo maji? Dawa yako ya kutoa mwanga ni ruteniamu au luminoli? Mwanga unaupokea kwa kifaa gani?

DadaMaabara
Hata kabla hajajibu, mimi ni kaboni-kioo. Ruteniamu ikienda na tripropilamini, dawa mwenza wake, ile amini lazima ioksidishwe, yaani ipokonywe elektroni, kwenye uso wa elektrodi. Dhahabu na platinamu zinajijengea utando wa oksidi ukipandisha volti, amini inakwama, mwanga unafifia. Kwenye kaboni shida hiyo ni ndogo sana. Ikichafuka unaing'arisha kwa unga wa alumina, unamalizia na ule wa mikroni 0.05, kazi inaendelea.

Ng'osha wa Igoma
Dada, mashine za Elecsys huko hospitali zinapima homoni kwa ECL hiyo hiyo na ndani yake kuna platinamu. Wale wenzetu hawajui?

DadaMaabara
Wanajua sana, kaka. Bufa yao, yaani mchanganyiko unaoshikilia kiwango cha asidi, imetiwa sabuni isiyo na chaji. Sabuni inabadilisha uso wa platinamu, amini inaoksidika vizuri zaidi. Na kila mzunguko mashine inaisafisha seli yenyewe. Wewe utamsafishia nani kila baada ya sampuli?

Mwana_Kirumba
Samahani, nilikuwa nje ya mtandao. Napima mikrosistini, ile sumu ya mwani wa kijani-bluu unaotanda ghuba yetu. Ila msimamizi anasema tukiweza tuguse na zebaki, kwa sababu ya wachenjuaji wa dhahabu upande wa Geita. Kipokea mwanga ni mrija uliotolewa kwenye mashine ya zamani. Lebo imefutika.

Fundi Saketi
Hapo sasa. Ruteniamu inatoa mwanga wa rangi ya chungwa kuelekea nyekundu, karibu nanomita 620. Mirija mingi ya kawaida huko haioni vizuri, macho yake yako kwenye bluu. Luminoli ni kama 425, ingekufaa zaidi, ila inataka bufa ya besi na hidrojeni peroksaidi. Jua mrija wako kwanza. Elektrodi baadaye.

Mdau wa Nyegezi
Nasema na mwenye uzi: dhahabu ya bei rahisi ikimbie. Mimi niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni, picha safi, maelezo "dhahabu halisi". Mzigo ukafika, zinang'aa kama pete za harusi. Mwanzo mwanga ulikuwa mzuri, nikamtumia profesa grafu akafurahi. Baada ya muda mwanga ukaanza kushuka. Tukabadilisha dawa. Tukaazima kebo. Tukalaumu umeme, tukaanza kupima usiku. Mwenzangu mmoja akashikilia kwamba ni maji ya kwenye magugu maji, tukaenda kuchota mbali na mwambao, hali ile ile. Mwishowe tukaiweka chini ya hadubini: pembeni shaba inachungulia. Ilikuwa imepakwa tu. Ukipita volti moja na kloridi ikiwemo, hata dhahabu safi inayeyuka polepole, sembuse utando ule? Duka likatutumia picha ya cheti, halafu kimya mpaka leo.

Ng'osha wa Igoma
Pole mkuu. Lakini kwa zebaki dhahabu ndiyo yenyewe. Zebaki inashikamana nayo, kisha unaivua kwa kupandisha volti na kusoma mkondo. Wala huhitaji mwanga.

DadaMaabara
Basi hizo ni kazi mbili, asizibebeshe elektrodi moja. Na mikrosistini haitoi mwanga yenyewe. Unahitaji kingamwili yenye alama ya ruteniamu. Hizo umeziagiza? Zinaweza kukugharimu kuliko elektrodi zote tunazobishania.

Mzee wa Mwalo
Vijana, mwangaluka. Sisi huku tunachemsha maji tunakunywa. Hiyo sumu si inakufa?

DadaMaabara
Shikamoo mzee. Kuchemsha kunaua vijidudu. Mikrosistini inastahimili moto, na seli za mwani zikipasuka ndipo inamwagika majini. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku. Maji yakiwa kama uji wa kijani, chota kwingine.

Mzee wa Mwalo
Marahaba. Na dagaa je?

Fundi Saketi
Mzee, fungua uzi wake, huu utapotea. Mwana_Kirumba, za kuchapishwa hujaulizia: zinataka tone tu, husafishi kitu, mwaloni zinabebeka. Ubaya ni kwamba pakiti na pakiti zinaweza kutofautiana, na elektrodi yake ya rejea, ile ya madini ya fedha ya kulinganishia volti, inayumba kloridi ikibadilika. Maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo, kwa hiyo weka potasiamu kloridi ya kiwango kile kile kila sampuli.

Mdau wa Nyegezi
Na tripropilamini fungulia kwenye kabati la kuvuta hewa. Sisi ilitoa harufu ya samaki aliyeoza, jirani akaja kuuliza nani ameficha furu ofisini.

Ng'osha wa Igoma
Furu 😂 bado wapo?

Mzee wa Mwalo
Wapo wachache. Sangara aliwamaliza, ila miaka ya karibuni wengine wamerudi.

Mwana_Kirumba
Asanteni. Nimemuuliza msimamizi habari ya kingamwili, kasema hilo tutaona mbele. Mrija nitaupeleka kwa Fundi kama anakubali. Kuna mwenye kaboni-kioo ya kuazima kwanza?

DadaMaabara
Ninayo ila ina mkwaruzo. Una kitambaa cha kung'arishia?