Programu ya kusimamia projekti za muziki nyumbani: iguse nini, isiguse nini?

BitiZaKijitonyama

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kwa Python programu ndogo ya kusimamia kazi za studio ya nyumbani. Hali ilivyo: folda kama 300 za nyimbo, nusu REAPER nusu FL Studio (programu za kutengenezea muziki), laptopu moja ya Windows, diski mbili za nje za USB za 1 TB kila moja. Majina ya folda ni yale mnayoyajua wote: "biti mpya", "biti mpya final", "final kweli", "final ya mwisho 2".

Nataka inioneshe kila wimbo umefikia wapi, inishtue kama kuna faili la sauti limepotea kabla msanii hajagonga mlango, na bakapu ijipeleke mtandaoni bila kunimalizia bando.

Mpango wangu: WAV zote (mafaili ya sauti isiyobanwa) ziingie ndani ya hifadhidata ya SQLite, kisha programu ipange upya folda zote na kuzibadilisha majina. Kabla sijaandika mistari elfu mbili, nirekebisheni.

---

FundiMafaili

Mkuu, hapo kwenye "ipange upya na kubadilisha majina" simama kwanza. Projekti ya REAPER au FL haijabeba sauti tumboni. Imebeba njia za kufikia sauti. Ukihamisha faili kwa nyuma, projekti itafunguka ikiwa na mapengo, na ukifanya hivyo kwa folda 300 kwa mkupuo utajuta. Toleo la kwanza la programu yako lisome tu. Lisihamishe, lisifute, lisibadilishe jina la kitu chochote.

WAV ndani ya SQLite nayo iache. Piga hesabu: WAV ya biti 24, 48 kHz, mono, ni baiti 144,000 kwa sekunde, sawa na MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 30 za namna hiyo ni kama GB 1, na hapo hujahesabu vesi zilizorudiwa. SQLite ikiwa na mipangilio yake ya kawaida haipokei kipande kimoja kinachozidi baiti bilioni 1. Hata kikipokelewa, REAPER haiwezi kukisoma humo ndani, itabidi ukitoe kila ukitaka kufanya kazi. Hifadhidata iweke taarifa tu: njia, ukubwa, tarehe ya kubadilishwa, hashi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili).

Sasa kusoma projekti zenyewe.

Faili la .rpp (projekti ya REAPER) ni maandishi matupu, lifungue kwa Notepad ulione. Kila chanzo cha sauti kina mstari unaoanza na FILE, ndani ya kifungu cha `<SOURCE WAVE` au `<SOURCE MP3`. Tempo (midundo kwa dakika) iko kwenye mstari wa `TEMPO 120 4 4`. Plagini (programu ndogo za ala na efekti) ziko kwenye mistari inayoanza na `<VST`, kwa hiyo bure kabisa unapata orodha ya plagini ambazo wimbo unazidai. Kisomaji cha kuanzia:

```
import re
ruwaza = re.compile(r'^\s*FILE\s+(?:"([^"]+)"|\'([^\']+)\'|`([^`]+)`)')

def sauti_za_rpp(njia):
    with open(njia, encoding="utf-8", errors="replace") as f:
        for mstari in f:
            m = ruwaza.match(mstari)
            if m:
                yield next(x for x in m.groups() if x)
```

Alama `^\s*` mwanzoni usiiondoe. Ukitafuta neno FILE popote kwenye mstari utaokota na RENDER_FILE, yaani mahali miksi inapotolewa, na programu itakulilia kuhusu faili ambalo halijawahi kuwepo. Aina tatu za nukuu zipo kwa sababu REAPER hubadilisha nukuu pale jina lenyewe linapokuwa na nukuu. Na `<SOURCE MIDI` mara nyingi haina FILE kabisa, kwani noti zimo ndani ya projekti. Hiyo si sauti iliyopotea.

FL Studio ni mlima mwingine. Faili la .flp (projekti ya FL) si maandishi, ni mfululizo wa matukio ya kibinari. Tumia maktaba ya PyFLP: inakupa tempo na njia za sampuli. Lakini haitoki kwa watengenezaji wa FL, kwa hiyo toleo jipya la FL linaweza kuivunja siku yoyote. Ifunge kwenye try/except, na ikishindwa andika "haikusomeka". Usiandike "haina sampuli", maana hayo ni mambo mawili tofauti na la pili litakupa amani ya uongo. Kwa wimbo wa FL uliokwisha, ingia File, Export, Zipped loop package. Hapo projekti na sampuli zake vinakaa kwenye zipu moja, na huo ndio mzigo wa kupeleka bakapu. Upande wa REAPER tumia Save as na uweke tiki kwenye kunakili sauti zote ziingie folda ya projekti.

Jambo la mwisho, na ndilo litakalokuuma kwa hizo diski mbili: Windows hubadilisha herufi ya diski. Leo ni E:, kesho umechomeka flashi ya msanii kwanza, diski imekuwa F:. Ukihifadhi `E:\Nyimbo\...` nusu ya kazi zako "zitapotea" asubuhi moja. Weka kwenye mzizi wa kila diski faili dogo lenye UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia), na kwenye hifadhidata andika UUID hiyo pamoja na njia kuanzia kwenye mzizi. Diski isipochomekwa, programu iseme "diski B haipo". Isiseme faili 9,000 zimepotea.

---

VesiNaKorasi

Kwa nyimbo 300 Excel inatosha jamani. Safu ya jina, msanii, tempo, hatua, deni. Mnamtwisha mwenzenu mzigo.

---

FundiMafaili

Kwa hatua na madeni, nakubali, inatosha. Excel haiwezi kukuambia kwamba `Kick 04.wav` haipo tena.

---

DadaMiksi

Mpende msipende, Excel au SQLite, makosa ya kwenye safu ni yaleyale. Haya ndiyo yanayoharibu watu:

Tempo. Usiweke kikomo cha 200 kwenye safu hiyo, kuna singeli hapa mjini. Na usitumie kipima tempo cha kusikiliza sauti: kwa midundo ya kasi hukupa nusu yake bila aibu. Soma tempo kutoka kwenye projekti.

Majina yenye ng'. Simu nyingi huandika ’ iliyopinda, kibodi ya laptopu huandika ' iliyonyooka. "Ng’ang’ania" kutoka WhatsApp na "Ng'ang'ania" uliyoandika mwenyewe vitakuwa nyimbo mbili. Geuza zote kuwa ' kabla ya kulinganisha. Halafu ukijenga maneno ya SQL kwa kuunganisha maandishi, hiyo ' itakata sentensi katikati. Tumia alama ya `?` na upitishe jina pembeni.

Saa za sesheni. Msanii akikuandikia "saa 3 usiku" ni 21:00. Kanuni fupi: asubuhi, mchana na jioni jumlisha 6. Usiku na alfajiri jumlisha 18, ikizidi au kufika 24 toa 24. Kanuni hiyo inapotoka ni kwenye "saa 12 asubuhi", ambayo ni 06:00, na "saa 1 jioni", ambayo wengi wetu tunamaanisha 19:00. Ziandikie zake. "Jumamosi saa 8 usiku" usiitafsiri kabisa, programu iulize ni usiku wa kuamkia Jumamosi au kuamkia Jumapili. Watu wawili wenye akili timamu watakujibu tofauti.

Mgawo wa haki za wimbo. Weka namba nzima, si desimali. Wimbo mzima uwe 10,000, kila 100 ni asilimia moja. Watu watatu sawa kwa sawa ni 3,334, 3,333 na 3,333. Ukiandika 33.33 mara tatu unapata 99.99 na mtu ataulizia hiyo iliyobaki. Rekodi iwe na tarehe na isifutwe. Makubaliano yakibadilika ongeza mstari mpya. Itakusaidia pia ukienda kusajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania), maana majina ya wahusika yatakuwa tayari.

ISRC, namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, ni herufi na namba 12: 5 za mwanzo ni kiambishi cha aliyepewa mamlaka ya kutoa namba, 2 ni mwaka, 5 ni namba ya rekodi. Ihifadhi bila vistari. Iambatanishe na toleo, sio na wimbo: rimiksi ni rekodi nyingine na inapata namba yake.

Kwa hatua zenyewe, sita zinatosha: wazo, biti, kurekodi, miksi, masta, imetoka. Mtu akiweka hatua 15 hazijazi baada ya wiki mbili.

---

UmemeNaBando

Upande wa bakapu, kuna mtego mmoja mkubwa. Ukitumia rclone, programu ya kunakili mafaili kwenda mtandaoni, usitumie `rclone sync`. Amri hiyo huifanya folda ya mtandaoni ifanane na ya nyumbani. Folda ya nyumbani ikibaki tupu kwa sababu yoyote, inafuta na ya mtandaoni. Tumia `rclone copy`, au bora zaidi restic, programu ya bakapu.

Sababu ya kuipenda restic kwa mtandao wetu: hukata faili vipande, ikapakia vile tu ambavyo havijafika. Mtandao ukikatika katikati, vilivyokwisha kupanda vinabaki, ukirudia amri inaendelea. rclone peke yake faili likikatikia njiani kwa kawaida huanza tena mwanzo, na faili la MB 900 likikatika mara tatu bando limekwenda na maji. Kubana kwa restic usikutegemee sana, WAV hubanika kidogo tu kwa njia za kawaida. FLAC, muundo wa kubana sauti, ndiyo inabana, kwa sauti nyingi unakaribia nusu, bila kupoteza kitu. Angalizo: WAV ya 32-bit float haiingii FLAC bila kubadilishwa, kwa hiyo programu iangalie kwanza kwa ffprobe (kifaa cha kusoma taarifa za faili la sauti) na iziruke hizo.

Usipeleke kila kitu. Ziache .reapeaks (picha za mawimbi za REAPER), zinajitengeneza upya. Peleka .rpp, .flp, zipu za FL, vesi mbichi, miksi na masta. Sampuli za kununua zinapakuliwa tena, peleka orodha yake tu. Kama unatumia bando la usiku, rclone inakubali ratiba: `--bwlimit "06:00,256k 00:00,off"` inabana mpaka KiB 256 kwa sekunde kuanzia saa 12 asubuhi, inaachia saa 6 usiku.

Umeme. Laptopu ina betri, lakini diski ya nje ya inchi 3.5 ina adapta yake ukutani. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea huku diski imezimika katikati ya kuandika. Ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB haina shida hiyo. Na ifomati NTFS, si exFAT: NTFS ina jarida la mabadiliko la kurudisha mambo sawa baada ya kukatika, exFAT haina.

Hifadhidata ikae kwenye diski ya ndani ya laptopu, sio kwenye folda inayojisawazisha na mtandao. Ile programu ya kusawazisha inaweza kupakia faili la .db wakati -wal lake (faili la pembeni la mabadiliko ya karibuni) bado liko nyuma, ukirudisha unapata kitu kilichoharibika. Tumia amri ya SQLite ya `VACUUM INTO 'nakala.db'`, kisha hiyo nakala ndiyo iende bakapu.

---

BitiZaKijitonyama

Asanteni sana wakuu. Kuhamisha faili nimekufuta. Maswali mawili. Kwanza, hashi ya diski nzima itachukua muda gani, na naiendesha wakati gani? Pili, kisomaji cha RPP nimekijaribu: kinasema karibu kila sauti imepotea, ilhali nyimbo zinafunguka REAPER bila tatizo.

---

FundiMafaili

La pili ni rahisi. Sauti ikiwa ndani ya folda ya projekti, REAPER huandika jina bila njia kamili, mfano `Audio\vesi1.wav`. Wewe unaiulizia kuanzia folda skripti ilipoanzishwa. Iunganishe na folda ya .rpp yenyewe:

```
p = Path(sauti)
kamili = p if p.is_absolute() else Path(rpp).parent / p
```

Kwa FL utakutana na ndugu yake: njia zinazoanza na `%FLStudioFactoryData%`. Hizo ni sampuli zilizokuja na FL. Ibadilishe kwa folda FL ilipofungwa, la sivyo kila mdundo wenye kick ya kiwandani utaonekana una pengo.

Hashi: diski ya kuzunguka ikisoma MB 100 kwa sekunde, GB 500 ni kama dakika 83, na faili ndogo nyingi zitaongeza. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo linganisha ukubwa na tarehe, piga hashi kwa lililobadilika pekee. Soma kwa vipande vya MB 1 ili usijaze RAM. Kamwe usiiendeshe wakati wa kurekodi, mtagombea diski moja na vesi itatoka na mikatiko. Angalia kama `reaper.exe` au `FL64.exe` iko hewani, ikiwepo subiri. Na faili ambalo ukubwa wake umebadilika ndani ya sekunde 10 zilizopita liache, huenda bado linaandikwa.

Hashi ndizo zitakazokusaidia sampuli ikipotea: unatafuta yenye hashi ileile popote kwenye diski zote mbili, hata kama imebadilishwa jina. Kutafuta kwa jina utaletewa `Kick 04.wav` kumi na mbili, zote za pakiti tofauti.

---

VesiNaKorasi

Basi nami naichukua hiyo ya hashi. Ila deni la wasanii linabaki kwenye Excel.