Nizungumze nini kuhusu Bibi Titi siku ya Machi 8?

Mama Kikoba, Tandika

Habari zenu wanajamvi. Miaka yote kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huenda uwanjani Machi 8, Siku ya Wanawake, na sare za kitenge, tunasimama juani kumsubiri mgeni rasmi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Mwaka huu tumekubaliana kwamba tukishamaliza kununua hisa, mmoja wetu atasimama aeleze habari za mwanamke aliyetutangulia. Nimepewa mimi kazi hiyo, na nimemchagua Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake kwenye TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika.

Nilipowauliza wenzangu wanamjuaje, wengi walitaja barabara, ile inayopita Mnazi Mmoja. Mmoja akasema alikuwa mke wa Nyerere. Iliniuma sana. Bibi mzaa mama yangu alikuwa mcheza lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, hapa mjini. Mumewe alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, kwa hiyo kadi akachukua yeye mke. Aliificha chini ya udi kwenye kimkoba cha ukili. Tuliikuta huko baada ya mazishi, bado inanukia.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, alikuwa nani kabla ya siasa? Niliyosoma shuleni yanaanza akiwa tayari jukwaani. Pili, ile kesi ya uhaini niitaje? Mwenyekiti wetu anataka niiruke, anasema siku ya furaha haitaki habari za jela.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, hongera kwa kazi hiyo. Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma miaka michache tu. Kilichompa jina mjini ni sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alikuja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Hapo ndipo walipomwendea Titi, baada ya kuzungumza kwanza na mumewe.

Angalia alichofanya baada ya kukubali. Hakuanza na mkutano wa hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, kimoja baada ya kingine. Vikundi hivyo vilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, michango na sare, kama kikoba chenu, na ndani yake Mzaramo, Mmanyema, Mdigo na Myao walikaa pamoja. Kiongozi akikubali, kundi zima linafuata. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi, na TANU yenyewe ilikuwa imezaliwa Julai 1954 tu. Waambie wenzako hivyo: chama kiliwakuta wanawake wale wamekwisha jipanga.

Mtu wa Kilifi

Naunga mkono mwalimu, na naongeza letu. Mekatilili wa Menza naye alianzia kwenye ngoma. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka kodi ya vibanda na vijana wa Kigiriama wakawafanyie kazi, mama huyu alizunguka vijijini akicheza kifudu, ambayo kwetu ni ngoma ya matanga. Watu wakija kuitazama, anaanza kusema nao. Mwisho wakakusanyika Kaya Fungo, ngome yetu takatifu ya msituni, wakala kiapo, yeye akiwaongoza wanawake na Wanje wa Mwadorikola akiwaongoza wanaume. Walikamatwa wote wawili, wakapelekwa mbali kabisa, Kisii. Wakatoroka, wakarudi Ugiriama kwa miguu! Agosti 1914 serikali ikailipua kaya kwa baruti.

Mama, mweleze mwenyekiti wako kwamba sisi hapa Mekatilili hatumtenganishi na kifungo chake. Tungekiondoa, tungebaki na nini cha kusimulia?

Bint Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa, dadangu. Huku kwetu vilikuwako vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada, na ushindani wao wa lelemama nyanya zetu wakiusimulia mpaka usiku wa manane. Kulikuwa na vyeo, na mtu alipanda cheo kwa kuwalisha wenziwe karamu. Mwanamke ambaye wazazi wake walikuwa watumwa aliweza kupanda akaheshimiwa. Ukitaka kujua wanawake wa pwani walijifunzia wapi kuendesha mkutano, kuchanga pesa na kumtoa kiongozi aliyewachosha, usitafute kwengine.

Mpita Njia, Mbagala

Mimi nasimama na mwenyekiti. Wageni wanakuja kufurahi, wengine na watoto. Mambo ya uhaini yataanzisha ubishi wa kisiasa na mada itapotea. Sema UWT, ule Umoja wa Wanawake wa Tanganyika aliouongoza, sema uhuru, inatosha.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu wa Mbagala, nakuelewa, ila sikubaliani nawe. Ukiishia kwenye uhuru, wasikilizaji watajiuliza mbona mtu mkubwa namna hiyo walimjua kwa barabara tu. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akaona mwanamke asiye na mshahara mkubwa wala shamba hana kinga nyingine ya uzeeni, akajiuzulu. Mwaka 1969 akakamatwa kwa hiyo kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, Nyerere akamsamehe mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000. Yaseme kwa utaratibu huo, bila kumtetea wala kumshtaki mtu. Wanakikoba wenye chumba kimoja cha kupangisha wataelewa haraka kuliko sisi walimu.

Mama Kikoba, Tandika

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Hapo kwenye nyumba za kupangisha umenigusa, maana nusu ya wanachama wetu walikopa kikobani kuezeka chumba cha uani cha kupangisha. Nitaanza na kikundi cha Bomba, nipite Kilifi na Mombasa, ndipo nije 1967. Mwenyekiti nimempigia leo mchana. Amekubali kesi itajwe, ila nisizidishe dakika ishirini, na mtoto wake wa kidato cha pili ndiye atakayesoma tarehe.

Sasa naomba jambo la mwisho. Walio Tanga, Bagamoyo au hapahapa Dar, kuna mwenye bibi anayekumbuka nyimbo za lelemama? Natafuta hata beti mbili, na mapigo yake, tupate kuziimba wote. Kama yuko Temeke au Ilala, nitakuja mwenyewe nimsikilize.