Ushauri: binti yangu wa kidato cha pili amekwama kwenye grafu za mwendo, mimi ni fundi baiskeli tu

Spoku36
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Shule niliishia la saba. Binti yangu yuko kidato cha pili, mwaka huu ana upimaji wa taifa, na fizikia ilikuwa inamwendea vizuri mpaka walipofika mada ya mwendo katika mstari mnyoofu. Tangu hapo kila jioni ni machozi na daftari.

Swali lililomgomea ni hili, kama alivyonitafsiria: mwendesha baiskeli anaanza akiwa amesimama, baada ya sekunde 4 amefikia mita 6 kwa sekunde, anakwenda na mwendo huohuo sekunde 10, kisha anakamata breki na kusimama kwa sekunde 3. Chora grafu ya mwendo na muda, tafuta mchapuko (mwendo unabadilika kiasi gani kila sekunde) na umbali wote. Yeye kapata mita 102, mwalimu kampiga mkasi.

Nikamwambia anieleze huo mchoro wake. Akasema, "Baba, hapa anapanda mlima, hapa tambarare, hapa anateremka." Mimi nikaona yuko sawa kabisa! Kumbe tumepotea wote wawili. Nimtafutie tuisheni, au kuna namna naweza kumsaidia mwenyewe? Baiskeli ninazo.

Mama Makorora
Pole baba. Wangu alipita hapohapo. Mwambie hivi: mstari ukipanda mtu anakwenda, ukilala amesimama, ukishuka anarudi alikotoka. Akishika hayo matatu amemaliza.

Mwalimu Mstaafu
Samahani dada yangu. Hayo matatu ni kweli kwa grafu ya umbali na muda, pale umbali unapohesabiwa kuanzia alipoondokea. Hii ya swali ni ya mwendo na muda, na huko yatamzamisha. Mstari uliolala kwenye mita 6 kwa sekunde hausemi amesimama, unasema anakwenda mwendo uleule, haongezi wala hapunguzi. Mstari unaoshuka kuelekea sifuri hausemi anarudi, bado anakwenda mbele ila anapunguza. Ukishuka chini ya sifuri ndipo amegeuza.

Spoku, kabla ya kusoma mstari wowote mzoeshe binti kuweka kidole kwenye mhimili wa wima na kusoma kwa sauti kilichoandikwa pale. Nusu ya makosa niliyosahihisha miaka yote ni ya mtoto aliyeruka hilo.

Na huo mlima wake una chanzo. Sisi wenyewe tunauita ulalo wa mstari, yaani unavyopanda au kushuka, "mteremko", halafu tunashangaa mtoto akiona kilima. Grafu si picha ya barabara. Baiskeli hiyo inaweza kuwa kwenye lami iliyonyooka kama rula toka mwanzo hadi mwisho.

Dereva wa Segera
Mwalimu umenikumbusha. Mimi naendesha basi. Siku hizi mabasi yana kifaa cha kufuatilia mwendo, tajiri anakuona kwenye kompyuta yake. Siku moja ananipigia simu, mkali, "Mbona mstari wako umelala nusu saa nzima, ulipaki wapi?" Nikamwambia bosi, angalia umelala kwenye namba gani. Ulikuwa umelala kwenye 80! Nilikuwa barabarani nakwenda kilomita 80 kwa saa, mwisho tulioruhusiwa. Nilipopakia abiria Muheza mstari ulilala pia, lakini kwenye sifuri. Mtu mzima na fedha zake.

Spoku36
Hahaha. Hilo la basi nimemsomea, amecheka mpaka mama yake akatoka jikoni. Sasa tunakwama kwenye umbali. 102 kaitoa kwa kuzidisha 6 mara sekunde zote 17. Kosa liko wapi?

Mwalimu Mstaafu
Hapo amemfanya mwendesha baiskeli akurupuke na mita 6 kwa sekunde tangu sekunde ya kwanza, na asimame ghafla kama aliyegonga ukuta. Wewe fundi unajua baiskeli haifanyi hivyo.

Umbali kwenye grafu hii ni eneo lililo chini ya mstari. Mwambie aitazame kama kiraka cha kitambaa, akikate vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni pembetatu: nusu ya 4 mara 6, mita 12. Cha pili ni mstatili, 10 mara 6, mita 60. Cha tatu pembetatu tena, nusu ya 3 mara 6, mita 9. Jumla mita 81. Zile 21 zilizozidi kwake ni pembe mbili za juu alizohesabu na hazikuwemo.

Mchapuko ni ulalo wa mstari. Mwanzoni mwendo uliongezeka 6 kwa sekunde 4, yaani kila sekunde unaongezeka mita 1.5 kwa sekunde. Wakati wa breki umepungua 6 kwa sekunde 3, kwa hiyo ni hasi 2. Hiyo hasi aiandike, asiione aibu.

Tuisheni subiri kwanza. Mitaa ya Ngamiani imenyooka. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa, pimeni mita 50 kwa futi kamba, wekeni alama ya chaki kila mita 10. Mmoja aendeshe, na kwenye kila alama asimame mtu mwenye simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Zote ziwashwe kwa filimbi moja, kila mtu azime yake tairi la mbele linapopita.

Kijana wa Sahare
Naongeza swali, samahani mwenye uzi. Mwendokasi na velositi si kitu kilekile? Na sisemi yale mabasi ya Dar.

Mwalimu Mstaafu
Velositi ni mwendokasi wenye upande. Tuseme Spoku anatoka Ngamiani hadi Raskazone kilomita 4 kwa dakika 20, anageuza papo hapo na kurudi kwa dakika 20. Amekwenda kilomita 8 kwa dakika 40, wastani wa mwendokasi wake ni kilomita 12 kwa saa. Wastani wa velositi ni sifuri, maana yuko palepale alipoanzia. Miguu inauma lakini hesabu inasema hujaenda popote.

Spoku36
Mwalimu, swali la kwangu mwenyewe, si la binti. Vijana wanaletewa baiskeli za gia wanakimbia mara mbili ya zamani, breki ni zilezile. Wanasema watasimama kwa umbali mara mbili, basi. Ni kweli?

Mwalimu Mstaafu
Si kweli. Chora ile pembetatu ya breki. Kwa mita 6 kwa sekunde ilikuwa sekunde 3, mita 9. Sasa weka mita 12 kwa sekunde, breki ileile ya hasi 2: atachukua sekunde 6. Nusu ya 6 mara 12 ni mita 36. Pembetatu imerefuka na kupanuka pamoja. Mara nne, na hapo sijahesabu muda wa yeye kushtuka kabla hajakamata breki.

Dereva wa Segera
Ndiyo maana sisi tunaomba mjiweke mbali na bampa la basi.

Spoku36
Wakuu, mrejesho. Jumapili alfajiri tulipima. Mita 10 alipita sekunde 3.7, mita 20 sekunde 5.5, mita 30 sekunde 7.1, mita 40 sekunde 8.8, mita 50 sekunde 10.4. Akachora umbali na muda mwenyewe: mwanzo mstari umepinda, halafu unanyooka. Nikamuuliza kuna mlima? Akanitazama tu.

Kitu kimoja kinamsumbua. Baada ya mita 20 kila mita 10 zimechukua 1.6, 1.7, 1.6. Kama mwendo ulikuwa uleule, kwa nini hazilingani?

Mwalimu Mstaafu
Vidole. Kila mtu anachelewa kidogo kubonyeza, na hawachelewi sawa. Kurudia mara tatu na kuchukua wastani kutapunguza hilo. Mwambie nimefurahi zaidi kwa swali hilo kuliko kwa grafu.

Mama Makorora
Na mimi nimejifunza, mwalimu. Kidole kwenye mhimili wa wima kwanza.

Spoku36
Jumapili ijayo wanakuja na wenzake wanne wa darasani kurudia. Nimeshawaambia, baiskeli ya mteja haiguswi, watatumia ile ya kwangu yenye kariyea iliyopinda.